Kiapo Nilichokula Ghalani

Jomvu Kuu,
Jumapili, baada ya Alasiri

Mwanangu Saumu,

Salamu sianzi nazo, kwa sababu nina hasira, na salamu ya mtu mwenye hasira haina ladha. Umetoka saa hii kwenda Kisauni kumuaga nyanyako, mamake babako. Babako yuko sebuleni anapiga pasi sare yako mara ya tatu, utadhani ndiye anayesafiri. Mimi nimejifungia chumbani na daftari lako la zamani la shule. Kesho asubuhi unaondoka, na barua hii nitaitia kwenye begi lako chini ya zile fulana, uisome ukiwa angani, mahali ambapo huwezi kunijibu.

Sitakwambia uvae soksi kavu wala uswali kwa wakati. Hayo babako ameshakuimbia wiki mbili nzima. Nataka kukueleza kwa nini jana, mbele ya ukoo mzima, nilikunyima radhi.

Uliona mwenyewe ilivyokuwa. Dua imekwisha, sahani za pilau zimeondolewa, mjomba wako Bakari akasimama. Bakari hajawahi kuvuka mpaka wa Lunga Lunga, lakini jana alizungumza kama waziri wa mambo ya nje.

“Jamani, huyu mtoto yuwaenda kuiwakilisha Kenya! Ulimwengu mzima umekwama, kisiwa cha watu kimeshikwa na magenge, wakubwa wa dunia wamekosa la kufanya, wakatuita sisi. Sisi! Leo nasi twahesabiwa.”

Shangazi zako wakapiga vigelegele. Ukaja ukapiga magoti mbele yangu, ukanishika mkono.

“Mama, nipe radhi.”

Nikautoa mkono wangu. “Kaiombe serikali yako. Ndiyo ikutumayo.”

Hata wale watoto waliokuwa wakigombania soda kibarazani waliziacha chupa wakaja mlangoni kutazama. Babako akaniangalia kama mtu asiyenijua, akasema, “Mwanaidi, wallahi leo umekosa.” Kweli nilikosa, na tangu hapo mimi nawe hatujasemezana. Lakini lile neno wallahi la babako lilinichoma kuliko lawama yenyewe, na katika nyumba ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyejua sababu.

Sasa nikueleze. Ulikuwa na miaka mitatu nilipokuacha kwa nyanyako mwaka mzima nikaenda Afrika Magharibi na kikosi cha kulinda amani. Hilo unalijua, umekua nalo. Umekua na hadithi zangu za watoto waliotuimbia barabarani, za wali wao wa mafuta ya mawese, za mechi ya mpira kati yetu na vijana wa kijiji tuliyofungwa mabao sita. Na nishani yangu umeivaa shuleni siku ya michezo, ukaipoteza, ukalia, ikapatikana chooni. Hadithi zote hizo ni za kweli, Saumu. Ila nilizichagua. Nilikupa zile tamu, nyingine nikazimeza, na wewe ukaamua kuwa askari kwa sababu ya zile tamu. Kwa hiyo ukiniuliza hasira hizi ni za nani kwanza, ni zangu mimi mwenyewe.

Kazi yangu kule ilikuwa kupekua wanawake. Misheni kama zile zinatafuta sana askari wa kike, maana mwanamume hawezi kumpapasa mke wa mtu langoni, na bila shaka hata wewe ndiyo kazi watakayokupa. Tulikuwa na kambi karibu na kijiji kimoja kando ya barabara ya kwenda machimboni. Kikosi kilikuwa na watu wa nchi tano, zote nchi kama yetu. Kila Alhamisi, siku ya soko, nilisimama langoni tangu asubuhi.

Watu wa kijiji kile walikuwa Waislamu. Lugha yao sikuijua, lakini niliwaambia assalaam aleikum wakaitikia, nikaswali nao, na ikawa hivyo tu, nimekuwa mtu wao. Mkubwa wetu akaliona hilo upesi sana. Akaniita ofisini.

“Mwanaidi, hawa wanakuamini. Nataka bunduki zao.”

Uelewe, watu wale hawakuwa waasi. Waasi walikuwa msituni, wakishuka kila mara kuchoma na kupora, na wanaume wa kijiji walikuwa wamejipatia bunduki za kuwindia na mapanga ili wajilinde. Lakini mpango ulioandikwa huko juu ulisema kila raia asalimishe silaha yake, apewe kadi, silaha ifungiwe kwenye kontena, na sisi ndio tubaki na kazi ya kumlinda. Wanaume walikataa. Kwa hiyo nikatumwa kwa wanawake, kwa sababu wao ndio waliojua bunduki zimefukiwa wapi.

Mkubwa wao alikuwa muuza mchele aliyeitwa Kadiatu. Mwanamke mnene, mcheshi, mwenye binti wawili waliokuwa wakimfuata kila aendako, mmoja mkubwa na mmoja wa umri wako wa wakati ule. Tukakaa kwenye ghala lake la mchele, mimi, yeye, wanawake wengine kama kumi, na mkalimani. Akaniuliza swali moja tu.

“Mkishazichukua, halafu mkaondoka?”

Mkalimani alikuwa hajamaliza kunitafsiria, nami nimeshaelewa kwa macho yake. Nikajibu mwenyewe.

“Wallahi, hatuondoki.”

Hilo halikuhitaji mkalimani.

Wewe ni mtoto wa Jomvu, unajua neno hili kwetu linavyotoka. Muuza nazi anakuapia wallahi imeangushwa leo, na ndani inanuka. Fundi cherehani anakuapia wallahi kesho nguo iko tayari, na wewe unajua kesho yake ni wiki ijayo. Tunalinyunyiza kila mahali kama chumvi, na hakuna anayetushika nalo. Kule hawakuwa hivyo. Kule mtu akiapa kwa jina la Mungu mbele ya mashahidi, jambo limekwisha. Kadiatu alinishika mikono yote miwili, akasema jambo kwa wenzake, wakainuka. Kabla ya Magharibi walikuwa wameniletea bunduki kumi na moja, zimefungwa kwenye magunia, na mapanga sikuyahesabu. Wanaume wao walisimama mbali wanatazama.

Niliapa kwa jambo ambalo halikuwa mikononi mwangu. Halikuwa hata mikononi mwa mkubwa wangu. Aliyelishika alikuwa mtu amekaa kwenye meza ya mbali, hajawahi kuiona barabara ile, na wala hakujua kwamba mimi nimeapa.

Nisiwe mwongo tena: wiki sita zilizofuata zilikuwa nzuri. Waasi hawakushuka. Soko lilijaa, shule ikafunguliwa, watu wakalala majumbani mwao badala ya msituni. Nakwambia hivi ili usidhani mamako anasema askari wa amani hawana maana. Tulikuwa na maana sana, na ndiyo sababu naumia mpaka leo.

Kisha amri ikaja kwenye redio. Nchi moja kubwa ilikuwa inawatoa raia wake kwa ndege, ikataka njia ya uwanja wa ndege ilindwe, ikasema na wakubwa wenzake, na sisi tukaambiwa tuhame. Kikosi kizima, na kontena letu la silaha. Mkubwa wetu aliuliza, nakiri aliuliza, nilikuwapo. Aliuliza kijiji tunamwachia nani. Akajibiwa kwamba majukumu yamebadilishwa. Akauliza kama tuwarudishie watu bunduki zao. Akajibiwa kwamba silaha zile sasa ni mali ya misheni. Tena tukakatazwa kuwaambia raia, wasije wakataharuki.

Ufunguo wa kontena lile nilikuwa nao mimi, Saumu. Ulikuwa shingoni mwangu kwa kamba ya kiatu. Siku mbili nzima ulikuwa shingoni mwangu, na ghala la Kadiatu lilikuwa mwendo wa dakika tano. Sikwenda. Nilijiambia mimi ni askari, nilijiambia nina mtoto nyumbani, nilijiambia labda waasi wamechoka. Siku ya tatu mkubwa akauomba ufunguo, nikampa.

Tuliondoka mara baada ya swala ya Alfajiri. Lori letu likapita mbele ya ghala. Kadiatu alikuwa nje anafagia, akasikia ngurumo, akainua kichwa, akadhani tunakwenda doria kama siku zote. Akanipungia mkono.

Nami nikampungia.

Siku ya nne baada ya kuondoka kwetu, waasi walishuka. Sitakusimulia, kwa sababu sikuwapo, na waliokuwapo ndio wenye haki ya kusimulia. Ninachojua ni kwamba hapakuwa na kitu cha kujilinda nacho. Tuliwachukulia vyote, tena kwa adabu, tena kwa kadi yenye muhuri.

Baada ya kama wiki tatu nilikuwa kwenye lango la kambi ya wakimbizi karibu na uwanja wa ndege, kazi yangu ile ile. Foleni ndefu ya wanawake. Akaja mbele yangu mwanamke amekonda, sikumtambua mpaka aliponiangalia. Alikuwa Kadiatu, na binti yake mkubwa. Yule mdogo hakuwa naye. Sikuwa nimemwambia kitu, lakini aliinua mikono yake mwenyewe ili nimpekue, akasema kwa ile lugha ya sokoni ambayo nilikuwa nimeshaijua kidogo.

“Tafuta. Hakuna kitu. Mlichukua.”

Nikampekua. Tangu mabegani mpaka miguuni, kwa sababu ndiyo amri, kila mtu apekuliwe. Akapita. Nilikuwa na nafasi ya kumwita. Nilikuwa na nafasi ya kumuuliza yuko wapi yule mdogo. Nilikaa kwenye lango lile miezi mitatu mingine, na kila nilipomwona mbali nilijifanya nina shughuli. Sikumuuliza kamwe. Mpaka leo ninapopekua wasichana wa kiwanda pale Magongo ninapolinda, wakitoka zamu, kuna ambao huinua mikono kabla sijasema, nami huwaambia kwa ukali washushe, wananiona mama mkorofi. Waache wanione hivyo.

Mwisho wa mwaka tulipangwa mstari tukavishwa nishani. Mtu mmoja mwenye suti alisoma hotuba kwamba nchi zetu zimeonyesha utulivu na weledi. Nikarudi nyumbani, Bakari huyu huyu akatoa hotuba, na nikala biriani.

Sasa unanielewa jana. Bakari aliposema wakubwa wamekosa la kufanya wakatuita sisi, damu ilinipanda kichwani. Wakubwa hawakukosa la kufanya. Wana majeshi, wana ndege, wana kila kitu, ila hawataki watoto wao warudi kwenye masanduku. Kwa hiyo wao wanakaa mezani, wanaandika nani aende, afanye nini, akome wapi, na mmoja wao akiinua mkono kusema hapana, jambo zima linakufa hata kama watu wanachinjwa. Nchi ndogo kabisa haziombwi chochote maana hazina cha kutoa. Sisi tuko katikati. Tuna askari wazuri wa kutosha kutumwa, na tunaambiwa hatuna sauti ya kutosha kusema vile tutakavyotumwa.

Na hapo ndipo hasira inapogeuka kwetu wenyewe, kwa sababu si kweli kwamba sauti hatuna. Siku nchi kama zetu, kumi tu, zikisema hatutoi hata askari mmoja mpaka tukae pale amri inapoandikwa, mpaka iandikwe kwamba hatumnyang'anyi mtu silaha yake kisha tukamwacha, nani atakwenda? Watoto wao? Watatuita mezani siku hiyo hiyo. Lakini hatusemi. Tunapigiwa simu, tunasifiwa, tunapigwa picha tumeshikana mikono na mtu mkubwa, basi tumelainika. Mtu anajaa kifua anasema tunahesabiwa. Tunahesabiwa, ndiyo, kama vichwa vya watu kwenye lori. Sisemi tukatae kwenda. Watu wa kisiwa kile wana haki ya kulala usingizi kama watu wa Jomvu, na jirani anayekaa kimya wakati nyumba ya mwenzake inavunjwa mimi simpendi. Nasema twende tukijua tunakwenda kwa neno la nani, na tuwe na mkono katika neno hilo. Wewe ni konstebo, hayo huyawezi leo. Lakini hutakuwa konstebo milele, na hao walioko juu siku moja watastaafu.

La leo ni dogo, na ni hili. Utasimamishwa langoni. Utapendwa, kwa sababu una uso wa babako, na watu humpenda babako bila sababu. Mwanamke mmoja atakuuliza mtakaa mpaka lini. Ulimi wako ni wa Jomvu, utataka kumtuliza, na kiapo kitakuja chenyewe. Kimeze. Mwambie, “Leo nipo. Ya kesho sijui, hawaniambii.” Hatafurahi. Pengine atakuchukia, na pengine bunduki zake atazificha zaidi, na mkubwa wako atakufokea kwamba umeharibu kazi. Wacha akufokee.

Na ikiwa siku itafika mkaambiwa mhame kimya kimya, sitakuamuru ufanye nini. Ningependa kukuamuru, wallahi. Lakini kukaa mbali na kuwaamuru walio mbele ndiyo tabia ninayoilaani katika barua hii nzima. Nakwambia tu nilichokifanya mimi, na kwamba nilipewa siku mbili, na kwamba zilitosha.

Jambo moja bado sijalisema, na ndilo gumu. Mimi nilipokwenda, mamangu alinipa radhi. Nilipiga magoti hapa hapa Jomvu, akaniwekea mkono kichwani, akasoma, akasema, nenda, umesalimika. Na kweli nilisalimika. Ila nilirudi nikiona kwamba radhi yake nimeichafua, nimekwenda nayo mpaka kwenye ghala la mchele nikaapa uongo nayo shingoni. Alikufa bila kujua. Jana ulipoushika mkono wangu niliogopa, Saumu. Nilijiona sina radhi safi ya kumpa mtu. Ndiyo sababu niliutoa mkono, na badala ya kusema naogopa nikasema lile neno la kejeli mbele ya watu. Nisamehe. Hukustahili, na Bakari pia hakustahili kuaibishwa, ingawa yeye mpuuzi.

Babako amenigongea mlango anauliza kama nimekufa. Nimemwambia nakuja.

Nimefikiri tangu Adhuhuri kama nikupe radhi kwa sharti. Kwamba usiape, kwamba usinyamaze, kwamba ukishindwa usirudi kunitazama usoni. Niliyaandika kwenye karatasi nyingine, nikayasoma, nikaichana karatasi. Masharti utapewa mengi na watu wengine, mengine mabaya.

Radhi yangu nimekupa, mwanangu. Yote, na haina sharti. Ukirudi umeshinda, nitafurahi. Ukirudi umefanya kama nilivyofanya mimi, usipite kwa nyanyako, usipite kwa shoga yako yeyote, usimruhusu Bakari asimame aseme. Njoo moja kwa moja kwangu siku ile ile, hata kama nyumba imejaa wageni na pilau limepakuliwa, uniambie jina la huyo mtu uliyemwacha. Mimi la yule binti mdogo wa Kadiatu sikulijua, na sasa sina wa kumuuliza.

Mamako,
Mwanaidi